Shajara ya Mradi: Kuchagua Ufito wa Fimbo ya Kwanza ya Nzi Bandia, Dodoma

Maji na samaki kabla ya duka

Lengo la mradi ni fimbo moja ya kuvulia kwa nzi bandia, itakayofungwa kwa mkono kuanzia ufito mtupu hadi pete ya ncha. Itatumika kwenye mabwawa ya Hombolo na Mtera, na mara mojamoja kwenye maji ya baridi ya Mufindi. Ufito mtupu ni bomba jembamba la kaboni au faibaglasi, nene kitakoni na jembamba nchani, lisilo na mpini, kiti cha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) wala pete za kupitishia mshipi. Pete ikikaa vibaya hufunguliwa kwa wembe ikafungwa upya, na mpini mbaya huchongwa ukawekwa mwingine. Ufito usiofaa hauna marekebisho. Ndiyo sababu kurasa nyingi za shajara hii zinaishia hapa, kabla uzi haujaguswa.

Katika uvuvi huu chambo ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, navyo havina uzito wa kwenda popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, nao ndio unaoupinda ufito. Kwa hiyo fito huuzwa kwa namba ya mshipi. Namba hizo hutokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9.14, ukipimwa kwa greni. Greni moja ni karibu gramu 0.065. Namba 4 ni greni 120 (gramu 7.8), namba 5 ni 140 (gramu 9.1), namba 6 ni 160 (gramu 10.4), namba 7 ni 185 (gramu 12), na namba 8 ni 210 (gramu 13.6).

Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki mwa mji, lina perege wadogo na kambale. Kwa perege peke yao namba 4 ingetosha na ingeleta raha zaidi. Kinachoiondoa ni upepo. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini mashariki huamka kabla ya adhuhuri ukavuma hadi jioni, na mshipi mwepesi hurudishwa usoni kwa mrushaji. Mtera ni habari nyingine. Bwawa hilo la Ruaha Mkuu kwenye barabara ya Iringa hujaa hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na hushuka kuelekea 690, kwa hiyo ukingo husogea mbali sana kati ya msimu na msimu, na visiki vya miti iliyozamishwa hubaki majini. Samaki akishaingia kwenye visiki amepotea. Ufito unahitaji nguvu ya kitakoni ya kumgeuza mapema. Namba 5 huanza kulegea hapo.

Namba 6 ndiyo iliyoamuliwa. Hukata upepo wa wastani, hurusha nzi wa ndoana namba 14 (ndogo) hadi namba 6 (kubwa zaidi) bila kulalamika, na trauti wa Mufindi hajawa mdogo kiasi cha kupotea juu yake. Kambale mkubwa ataupinda hadi kwenye mpini na pambano litakuwa refu, lakini ufito wa wastani humbeba mradi fimbo isiinuliwe wima kabisa karibu na ukingo. Hapo ndipo fito nyingi huvunjika: ncha inakunjwa peke yake na kitako hakifanyi kazi.

Kibebe, yule samaki wa jamii ya Hydrocynus mwenye meno ya nje ambaye pia yuko katika mfumo wa Rufiji na Kilombero, yuko nje ya mradi huu. Anahitaji ufito wa namba 8 au 9 na kipande cha waya mbele ya ndoana. Anayetafuta ufito mmoja wa perege na kibebe atapata usiofaa kwa yeyote kati yao.

Urefu, vipande, na namba zilizoandikwa kitakoni

Fito nyingi hubeba alama kama 906-4. Husomwa hivi: futi 9 na inchi 0, mshipi namba 6, vipande 4. Alama 864-4 ni futi 8 na inchi 6, namba 4, vipande 4. Si kila kiwanda hufuata mtindo huu, lakini ni wengi.

Futi 9 ni sentimita 274. Kwa maji yetu huo ndio urefu sahihi kwa sababu moja ya usalama: Mtera kuna mamba na viboko, kwa hiyo hakuna kuingia majini hadi magotini ili kujipatia nafasi nyuma. Unarusha ukiwa nchi kavu, nyasi na vichaka viko mgongoni, na fimbo ndefu huupitisha mshipi juu yake. Futi 8 na nusu hufaa vijito vyembamba. Futi 10 huonekana kama nyongeza ndogo, lakini sentimita 30 zote zinaongezwa mbali na mkono, na mkono ndio utakaolipa.

Vipande vinne badala ya viwili, bila mjadala mrefu. Ufito wa vipande viwili husafiri ukiwa na karibu sentimita 140. Wa vinne ni kama 72, unaingia ndani ya bomba la plastiki la inchi mbili, unapita posta, unakaa kwenye rafu ya basi na hata mgongoni kwenye bodaboda. Zamani viungo vitatu vilikuwa udhaifu wa kweli. Kwa fito za sasa tofauti ya mpindo ni ndogo, na kiungo kilichofungwa uzi vizuri hakina shida.

Kaboni, faibaglasi, na maneno ya matangazo

Ufito hutengenezwa kwa kukata kitambaa cha nyuzi kilicholoweshwa gundi, kukizungusha kwenye fimbo ya chuma iliyochongoka, kukibana kwa utepe na kukioka. Chuma huchomolewa, bomba likabaki. Mistari ya mzunguko inayoonekana juu ya fito zisizopigwa msasa ni alama ya ule utepe. Haina kasoro yoyote, na kuipiga msasa ili ufito uwe laini ni kupunguza ukuta wa bomba.

Ukakamavu wa nyuzi hupimwa kwa gigapaskali. Faibaglasi ya kawaida ni karibu 72, aina yake imara zaidi ni karibu 87, kaboni ya kawaida ni karibu 230 na ya daraja la kati karibu 290. Nyuzi zikiwa kakamavu zaidi, kiwanda kinaweza kutumia kitambaa kidogo zaidi na ufito ukawa mwepesi. Gharama yake ni ukuta mwembamba na nyuzi zinazovumilia mkunjo mdogo zaidi kabla ya kukatika. Nzi mwenye kichwa cha shaba akiugonga ufito wa namna hiyo wakati wa kurusha, huacha jeraha lisiloonekana; ufito huvunjika wiki kadhaa baadaye, samaki akiwa mdogo tu, na mwenyewe hulaumu kiwanda.

Maneno IM6, IM8, 40T na mengine ya kutangaza aina ya kaboni yasimfanye mtu aamue. Hayaelezi ni tabaka ngapi, gundi gani, wala nyuzi zimeelekea wapi. Hakuna kipimo cha pamoja kinachomlazimisha muuzaji mmoja kumaanisha kile alichomaanisha mwingine. Kwa fimbo ya kwanza tafuta kaboni ya daraja la kati, na kama maelezo ya muuzaji yanataja uzito wa ufito, kipenyo cha kitako na kipenyo cha ncha, huyo amekueleza zaidi kuliko aliyeandika herufi tatu na namba kubwa.

Faibaglasi ni chaguo la heshima. Ni nzito, hupinda taratibu hadi mkononi, husamehe makosa ya mwendo na ni ngumu kuvunjika. Kwa maji yasiyo na upepo tungeichukua. Mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa pembe sita ni ufundi wa peke yake na hauanzwi nao.

Kuagiza

Fito tatu zimeagizwa pamoja na wajenzi wenzetu ili gharama ya mzigo igawanyike. Mbili kati yake, B na C hapa chini, ni za miradi mingine. Bidhaa hizi huingia chini ya namba ya forodha 9507, fungu la fimbo za kuvulia, ndoana na vifaa vyake. Muuzaji aiandike hiyo kwenye hati pamoja na maneno “sehemu za fimbo ya kuvulia”, la sivyo mzigo unaweza kusomwa kama bomba la viwandani. Juu ya ushuru kuna VAT ya asilimia 18, nayo hukokotolewa pamoja na nauli ya mzigo, kwa hiyo bei ya kwenye tovuti isichukuliwe kuwa bei ya Dodoma. Omba ufito uwekwe ndani ya bomba gumu. Kasha la karatasi hukanyagwa.

Agiza pete, pete ya ncha, kiti cha rili na koki za mpini kwa safari hiyohiyo, ila ongeza pete ya ncha moja ya saizi ya juu na moja ya chini. Ni nyepesi, na vipenyo vya matangazo hukosea.

Ukaguzi wa mezani

Vifaa: kalipa, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja, kipande cha kioo cha dirisha, tochi ndogo, tepu ya karatasi na penseli nyeupe.

Kila kipande kinapimwa peke yake, kisha ufito mzima. Ufito uliokusudiwa mradi huu, tuuite A, umetoa vipande vinne vya sentimita 71.5. Kila kiungo kinamezana sentimita 4, kwa hiyo urefu kamili ni 274. Kitako ni milimita 9.4, ncha ni 1.85, uzito ni gramu 51. Kwa ufito wa namba 6 wa futi 9 hizo ni takwimu za kutulia.

Viungo ndivyo vilivyochukua muda. Fito hizi zina viungo vya kofia: jike la kipande cha juu linavaa dume la kipande cha chini. Safisha kwanza pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti, maana vumbi laini la kaboni lililobaki kiwandani hukwangua kama msasa. Ingiza kwa kuzungusha kidogo. Kiungo kizuri hukaza polepole na kusimama. Kinachosimama ghafla kimegota ndani na kitacheza. Kishike karibu na sikio na utikise: mlio wa “tik” ni dalili ya kugota. Usikate jike ili kulirekebisha. Rudisha ufito.

Hapa pana kosa linaloua fito nyingi kabla hazijawa fimbo. Mtu akipokea ufito huuunganisha na kuutikisa hewani, kama kila mtu afanyavyo dukani kwa fimbo iliyokamilika. Jike lisilofungwa uzi halina kitu cha kulizuia kupasuka kwa urefu, kwa kuwa nyuzi nyingi za kaboni zimelala kufuata urefu wa bomba. Ufa wa milimita tano tu hauponi. Kabla ya kupinda chochote, funga kila jike kwa uzi wa muda, mizunguko iliyobanana ya milimita 15 kutoka ukingoni, na ushikize kwa tepu.

Unyoofu: tazama kila kipande kutoka kitakoni kuelekea kwenye mwanga, ukikizungusha. Kipande cha ncha cha A kimejikunja milimita 6 katikati. Hiyo ni kawaida na ina matumizi, tutaona chini. Mkunjo wa ghafla mahali pamoja ni kasoro. Kwenye faibaglasi tafuta pia madoa meupe, ambayo ni nyuzi zilizoachana na gundi.

Jaribio la mpindo

Namba iliyo kwenye lebo ni maoni ya kiwanda. Dr. William Hanneman wa Marekani alipendekeza njia ya kuipima kwa kutundika sarafu za senti kwenye ncha hadi ufito ushuke kwa theluthi ya urefu wake, kila sarafu ikiwa na gramu 2.5. Sisi tunatumia maji, kwa sababu mililita moja ni gramu moja na bomba la sindano la duka la dawa husoma vizuri.

Kitako, sentimita 25 za mwanzo, kinabanwa kikiwa mlalo kabisa kwa vibano viwili vya seremala vyenye kitambaa. Meza ya kawaida haitoshi kwa urefu: futi 9 zinatakiwa zishuke sentimita 91.4, na ncha itafika sakafuni mapema. Ukuta wa baraza au meza iliyoinuliwa kwa matofali hufaa. Weka alama ya ncha ilipotulia yenyewe, kisha alama ya pili sentimita 91.4 chini yake. Tundika kikombe chepesi cha mtindi kwa uzi, kilichopimwa pamoja na uzi wake, na ongeza maji kidogokidogo hadi ncha ifike alama ya pili. Uzito wote, kikombe na maji, ndio nguvu ya ufito. Bandika mrija mwepesi kwenye ncha ukifuata mwelekeo wake na usome pembe yake na mlalo kwa kipimapembe cha shule. Fanya ndani au asubuhi mapema, upepo ukilala.

Pembe ndiyo inayoeleza mpindo. Chini ya digrii 59 ufito ni wa polepole, unapinda hadi kitakoni. Kati ya 59 na 63 ni wa wastani, 63 hadi 66 ni wa wastani unaokaribia kasi, na juu ya 66 ni wa kasi, unaopinda karibu na ncha.

A umeshuka kwa gramu 118 na pembe ya digrii 64. B, nao wa kaboni, futi 9, lebo namba 6 vilevile, umedai gramu 141 na kutoa digrii 70, ingawa una uzito wa gramu 47 tu. C, faibaglasi ya futi 8 namba 6, uliopimwa kwa kushuka sentimita 81.3, umetoa gramu 108 na digrii 57.

A na B zina namba moja kwenye karatasi, na mtu akiziona dukani atachukua B kwa kuwa ni nyepesi. Kwa mshipi wa namba 6, B utakuwa mti. Uko karibu na namba 7, na viwanda hufanya hivyo kwa sababu warushaji hodari hutupa mita 15 au 20, ambapo mshipi mwingi uko hewani na uzito wake umepita ule wa mita 9.14. Mjenzi wa fimbo ya kwanza mara nyingi ni mrushaji wa mwanzo pia. Perege wa Hombolo hupatikana kwa mrusho wa mita 7 hadi 12. Katika mita 7 kinachoupinda ufito ni chini ya gramu 10.4, A utaupata uzito huo mkononi, B hautasikia kitu, na mrushaji ataongeza nguvu mpaka kitanzi cha mshipi kivunjike. Anayeupenda ufito kama B anaweza kuuvisha mshipi wa namba 7, na hilo ni suluhisho halali, lakini basi aamue hivyo kabla ya kununua mshipi, kwa kuwa mshipi mzuri hugharimu karibu na ufito wenyewe.

A umechaguliwa. Kama upepo wa Dodoma usingekuwepo, C ungeshindana nao kwa nguvu.

Mgongo na mstari wa pete

Kitambaa kinapozungushwa huishia mahali kikajilalia, na upande huo wa bomba, uitwao mgongo, huwa mgumu kidogo. Kuupata: simamisha mguu wa kipande juu ya kioo, kiinamishe, shika juu kwa kidole kimoja na ubonyeze katikati kwa mkono wa pili huku ukikibingirisha. Kitaruka na kutulia upande kinaopenda kupindia. Weka alama kwa penseli.

Wajenzi wamebishana kwa miaka kuhusu pete zikae upande upi. Jambo ambalo wengi hawalisemi ni kwamba kipande chenye mkunjo wa asili hutulia kwa sababu ya mkunjo huo, na jaribio zima huwa linapima unyoofu badala ya mgongo. Kwa kipande cha ncha cha A alama ya mgongo na alama ya mkunjo zimeangukia mstari mmoja, jambo linaloonyesha hivyohivyo. Tumeamua kufuata unyoofu: mkunjo wa milimita 6 unaelekezwa juu, pete zikiwa chini, ili uzito wa pete, uzi na epoksi (gundi ya sehemu mbili ya kufunikia uzi) uuvute uwe mnyoofu. Vipande vingine vitatu vimepangwa kwa kuangalia mstari mmoja kutoka kitakoni, kisha nukta moja ikawekwa kila upande wa kiungo.

Pete

Kanuni ya mkono: pete zisipungue moja kwa kila futi, bila kuhesabu ya ncha. Kwa futi 9 tumeweka kumi. Ya kwanza kutoka kwenye mpini ni pete ya duara namba 12. Zinazofuata ni za waya uliopinda: namba 4 moja, namba 3 mbili, na sita za namba 2.

Pete ya ncha hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kila moja milimita 0.397. Ncha ya milimita 1.85 inaangukia kati ya 4.5 (milimita 1.79) na 5 (milimita 1.98). Ni 5, na nafasi iliyobaki inajazwa na gundi ya kuyeyushwa kwa moto, ili pete ibadilike siku ikilika. Kukwangua ncha ili iingie 4.5 ni kukata nyuzi za sehemu dhaifu kuliko zote.

Umbali kutoka nchani, kwa sentimita: 12.5, 26.5, 42, 59, 78, 99, 122, 147, 173 na 200. Majike yanaishia 71.5, 139 na 206.5, na kila moja linameza sentimita 4. Pete ya kumi, ikiwa na nyayo zake, inagusa kiungo kilichoanza 202.5. Imesogezwa hadi 197, na ya tisa hadi 171.5 ili nafasi zisiruke. Pete zinashikiliwa kwa tepu kwanza, mshipi unapitishwa, ufito unapindwa kidogo: mshipi ukigusa ufito au kukata kona kali kati ya pete mbili, hapo panasogezwa.

Mpini, kiti na vumbi

Mpini ni koki 14 za milimita 12.7, jumla karibu sentimita 17.8. Zinapitishwa kutoka juu, tundu likipanuliwa kwa tupa ya mviringo kidogokidogo hadi ikae mahali pake kwa msuguano mdogo. Tundu pana hujazwa gundi, na gundi nyingi ni uzito.

Kiti cha rili kina tundu kubwa kuliko kitako. Tepu ya karatasi hutumiwa na wengi kujaza nafasi hiyo, lakini hunyonya maji ikaoza. Ile tepu ya nyavu ya kufunikia maungio ya jipsamu, inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi Majengo na Sabasaba, ni bora: epoksi hupenya kwenye matundu yake na kushika pande zote mbili. Zungusha tepu hiyo mahali patatu, pakiwa na nafasi kati yake. Sehemu ya ufito itakayofunikwa inapigwa msasa laini wenye maji, barakoa ikivaliwa, hadi mng'ao uishe tu.

Uzi ni nailoni ya saizi A. Uzi wa cherehani una manyoya madogo ambayo epoksi huyasimamisha na kuyaonyesha milele. Majike yanafungwa kwanza, milimita 15, yakianzia ukingoni kabisa.

Epoksi ya kumalizia huchanganywa sehemu moja kwa sehemu moja, mililita 3 kwa 3, mabomba mawili ya sindano yasiyobadilishana. Ikikosea uwiano haitakauka, itabaki kunata. Fimbo huzungushwa polepole hadi epoksi igande; mota ya sahani ya maikrowevu ya mizunguko 5 au 6 kwa dakika inatosha, ila soma lebo yake, kwani zipo za volti 220 na zipo za volti 21. Umeme ukikatika, geuza kwa mkono nusu mzunguko kila dakika mbili tatu mpaka tone liache kutembea.

Vumbi la kiangazi ndilo adui mkubwa hapa. Sakafu inamwagiwa maji saa moja kabla, madirisha yanafungwa, feni inazimwa, na fimbo inafunikwa kwa boksi lililokatwa upande mmoja. Usiku wa Juni na Julai ni baridi na epoksi huzidi kuwa nzito, ikabakiza mapovu. Kazi hii ifanyike mchana, chumba kikiwa karibu nyuzi 22 hadi 25. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia, maana unyevu ndio unaoleta ukungu mweupe juu ya epoksi. Fimbo isiguswe saa 24, isivuliwe kwa wiki moja, na isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani: ufito hautadhurika, lakini epoksi ya pete hulainika.

Kinachosubiri

Majike ya A yamefungwa, mpini umegundishwa, pete ziko kwenye tepu. Epoksi ikishakomaa, jaribio la mpindo litarudiwa kwa kikombe kilekile. Gramu 118 zinatarajiwa kupungua kidogo, kwa kuwa pete na epoksi huongeza uzito nchani. Zikishuka sana, tabaka la epoksi kwenye kipande cha ncha limekuwa nene, na hapo ndipo pa kupunguza kabla ya kununua mshipi.